Wachezaji wa Albion mlioko Kigoma na Tabora: tuache kupigana kwa kasi ya kidole, tupigane kwa hesabu

MwanaKibirizi (mleta uzi)

Wakuu, mwakeye.

Huu uzi ni wa wachezaji wa Albion Online, lile gemu la mtandaoni ambalo watu wengi tunacheza pamoja kwenye dunia moja, tulio huku mwisho wa reli, tunaocheza kwa simu na bando. Nyuzi za kufundisha kupigana mtu na mtu ziko tele, lakini karibu zote zimeandikwa na watu wanaoishi jirani na seva, yaani kompyuta kubwa zinazoendesha gemu. Wanafundisha jicho na kidole: ukiona ameanza kurusha, kwepa. Mimi nimekwepa hivyo mwaka mzima na nimekufa mwaka mzima.

Kilichonifungua macho ni kifo kimoja. Nilikuwa natoka ukanda mweusi na maksai wa mizigo, mgongoni ngozi za daraja la sita, kazi ya siku nne. Mkononi nina Bloodletter, ile sime fupi inayompenda mtu aliyekwisha kupungua damu, na mwilini nguo za ngozi. Hatua chache kabla ya geti akatokea mtu mmoja. Mmoja tu, si kundi. Nilimgusa nikatazama mavazi yake, nikaona ni ya bei yangu yangu. Nikashuka kwenye maksai, nikasema huyu namweza.

Niliona mstari wa kurusha unajaa juu ya kichwa chake. Nikabonyeza kiatu cha kukwepea. Kitufe kikawaka. Mtu wangu akabaki amesimama palepale. Kisha mambo mawili yakaja kwa mpigo: damu yangu ikashuka nusu nzima, halafu ndipo mtu wangu akachomoka mbio, akikimbia pigo lililokuwa limeshampata. Sekunde chache baadaye niko chini, na jamaa anafungua mizigo. Alichukua ngozi, sime, kofia, mpaka joho. Vingine hakuvipata hata yeye, maana ukifa huko baadhi ya vitu gemu linaviharibu palepale.

Kwa ambao hawajaingia: Albion imegawa nchi kwa rangi. Buluu ni amani. Njano mtu anaweza kukuangusha lakini mali inabaki yako. Nyekundu na nyeusi ukifa umevuliwa vyote. Tofauti ni kwamba kwenye nyekundu anayeua watu wasio na vita naye anachafua jina lake, kwenye nyeusi hakuna anayeuliza.

Nilikaa na kifo hicho siku mbili. Jamaa hakunizidi mavazi, na sidhani alinizidi akili. Alinizidi muda. Tulikuwa bado tunacheza seva ya Marekani, na pingi yangu, yaani muda wa amri kwenda kwenye seva na jibu kurudi, usiku ule ilikuwa milisekunde 320. Maana yake nilichokiona kwenye kioo kilikuwa kimeshapita, na amri yangu ya kukwepa ilikuwa bado iko njiani. Weka juu yake muda wa jicho kuona na kidole kushuka, ambao kwa binadamu wa kawaida ni kama robo sekunde. Ukijumlisha unakuwa umepigana na mtu wa zaidi ya nusu sekunde iliyopita.

Seva ya Ulaya ilipofunguliwa tarehe 29 Aprili 2024 tulihamia wengi. Mimi sasa naona 190 usiku wa manane, 230 jioni. Ni nafuu kubwa, lakini msitegemee ishuke sana zaidi ya hapo. Mwanga ndani ya waya husafiri kama kilomita laki mbili kwa sekunde, na data yetu ya Kigoma inaanza kwa kwenda upande usio wake: inashuka kwanza mpaka Dar, zaidi ya kilomita elfu moja mashariki, ndipo iingie kwenye waya za baharini kuelekea Ulaya, kisha irudi njia hiyo hiyo. Hata mtandao ukiwa safi kama maji ya Tanganyika asubuhi, umbali haufutiki.

Basi nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza nitakuwaje mwepesi, nikauliza ni silaha gani isiyojali kuchelewa.

Jibu langu lilikuwa fimbo ya laana. Laana ya kwanza ukiibonyeza inamkaa mtu na kumla polepole, na unaweza kuirundika juu yake mpaka mara nne. Ikichelewa robo sekunde kufika haijapoteza kitu, kwa sababu kazi yake inachukua sekunde kadhaa. Linganisha na sime: pigo la sime lina thamani pale tu linapotua, na adui akiwa ameshasogea hatua moja umepiga hewa. Ndiyo maana nilipokuwa na sime nilikuwa nalaumu kidole.

La pili ni kuhesabu. Silaha ya adui ina vitufe vitatu, kofia kimoja, nguo ya kifua kimoja, viatu kimoja. Kila kimoja kikitumika kinahitaji muda kupoa kabla ya kurudi. Mimi sitazami tena mkono wake unafanya nini sasa hivi, natazama ameshatumia nini. Akikimbia kwa viatu, naanza kuhesabu kimoyomoyo. Mpaka vitakaporudi huyo mtu hana miguu, na hapo ndipo pigo langu kubwa linatoka. Hesabu haina pingi, wakuu. Sekunde kumi Amsterdam iliko seva ni sekunde kumi hapa Kibirizi.

Niwape mfano wa juzi, ndani ya yale mashimo ya mtu kwa mtu, ambako mmoja anamvamia mwingine na wa tatu hana nafasi ya kuingia. Alikuja mtu wa upinde, yuko mbali, anafyatua. Zamani ningemkimbilia. Safari hii nilirudi nyuma ya kona ya ukuta nikasimama. Akatumia viatu kunifuata. Moja. Akaona namsubiri, akawasha nguo ya kifua mapema kwa hofu. Mbili. Nikamwekea laana nne, nikarudi tena konani. Akanifuata tena kwa sababu damu ilikuwa inashuka na alijua akikaa mbali itaisha. Alipotokea kwenye kona hakuwa na viatu wala nguo, ana kofia tu. Nikatoa pigo kubwa, likachelewa kama kawaida yake, na bado likampata, maana hakuwa na pa kwenda.

Pingi yangu ilikuwa 214. Niliitazama kwa makusudi.

Karibuni tujadili. Hasa nataka kusikia kutoka kwa watu wa Tabora, Urambo na Kasulu mnaona pingi ngapi.

⸻

Mgebuka_wa_Usiku

Mkuu mimi ni shahidi wa hii habari, nipo naye chama kimoja. Wengi wetu ni watu wa mitumbwi, tunavua dagaa kipindi cha giza, mbalamwezi ikikaa sawa tunapumzika maana taa haivuti samaki. Kwa hiyo chama chetu kina nguvu mwezi ukiwa mkubwa na kinalala mwezi ukiwa mdogo. Wengine wakiuliza mbona wiki hii hamuonekani, tunawaambia tazameni juu.

Tulijifunza kweli mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu nyavu ziko juu ya paa. Na mnakumbuka siku tatu kabla ya kufungwa, tarehe 12 Mei, waya za baharini zilikatika na intaneti ikawa shida nchi nzima. Tulikuwa tumehamia seva mpya hata wiki mbili hazijaisha. Nilikaa ufukweni na simu inazunguka tu, nikadhani laini yangu imefungiwa.

Nakubaliana na hoja ya hesabu, ila niongeze moja ambayo mleta uzi hakuigusa: mahali pa kupigania. Ukiwa na mtandao wa kuchelewa usikubali pambano uwanjani. Tafuta mahali penye kona, au geti, au penye wanyama wa kuzuia njia. Uwanja mpana ni wa mwenye kasi.

⸻

Bwana_Caerleon

Habari wakuu. Mimi nipo Dar, nataka kupinga kidogo kwa heshima.

Naona pingi inabebeshwa mzigo usio wake. Wapo watu wengi duniani wanaocheza na 200 na wanashinda kwa sime hiyo hiyo. Wanachofanya ni kupiga kabla, hawasubiri kuona. Ukijua mtu wa upinde baada ya kufyatua mara tatu atatoa kitu fulani, unakwepa kwenye ile ya tatu bila kusubiri mstari ujae. Hiyo ni kukisia, na kukisia kunafanya kazi hata na 300.

Halafu fimbo ya laana ina ugonjwa wake. Ukikutana na mwenye uwezo wa kujisafisha, laana zako nne zinaondoka kwa kitufe kimoja na unaanza upya. Mleta uzi umekutana na mtu wa upinde aliyevaa vibaya. Ungekutana na mtu wa mavazi ya chuma anayejitibu ungeandika uzi mwingine.

⸻

MwanaKibirizi

Bwana_Caerleon, hoja ya kujisafisha ni kweli tupu na nilipaswa kuiandika. Ninachofanya: namtazama mavazi kabla. Nikiona ana kitu cha kusafisha, laana ya kwanza na ya pili ni chambo. Akisafisha kwa hizo mbili, sasa naweka nne. Asiposafisha, nasubiri. Wengi wanasafisha mapema kwa sababu damu ikianza kushuka polepole inatisha kuliko pigo moja kubwa.

Kwenye kukisia bado sijakubali. Kukisia ni kizuri ukiwa na mavazi matatu ya akiba. Mimi nikivaa seti ya pekee niliyobaki nayo sitaki kukisia na mali yangu. Mwenye pingi ya 60 akikisia vibaya bado ana nafasi ya kurekebisha, mimi nikikisia vibaya nimezikwa.

⸻

FundiSimu_Ujiji

Naomba niseme kama mtu anayefungua hizi simu kila siku. Nusu ya wanaolalamika pingi, tatizo liko mkononi mwao. Simu ikipata moto inajipunguza nguvu yenyewe ili isiungue, picha zinaanza kukatakata, na mtu anasema mtandao. Wanaletewa simu hapa zina kava la mpira nene, zimechomekwa chaji, mtu anacheza saa tatu mfululizo chumba hakina dirisha.

Namna ya kutofautisha ni hii. Tazama namba ya pingi wakati gemu linakatakata. Kama namba imetulia 200 na picha inaruka, hiyo ni simu. Vua kava, chomoa chaji, punguza ubora wa picha mpaka chini kabisa. Kama namba inaruka kutoka 200 kwenda 700 na kurudi, huo ni mtandao, na hapo zima zile programu zinazojisasisha kimyakimya, hasa video zinazojipakua kwenye makundi ya meseji.

Na pingi inayoruka ni mbaya kuliko pingi kubwa iliyotulia. Hesabu ya mleta uzi inawezekana kwenye 230 isiyobadilika. Kwenye inayoruka hata hesabu haikusaidii, rudi mjini ukapumzike.

⸻

SokoMwanga_Dada

Kaka zangu, mimi sipigani. Mimi ni mchumaji na mshonaji, nachuma pamba na kitani, nashona majoho, nauza Martlock, mji wa humo ndani ya gemu. Nasoma uzi huu tangu asubuhi na kuna jambo linanikaa rohoni.

Mnaongea habari ya kumvizia mtu getini kana kwamba ni ufundi tu. Yule mnayemvizia ni mimi. Nina duka dogo la vitenge hapa Mwanga, nikifunga jioni nina saa mbili za kucheza. Nimechuma saa moja na nusu, mtu ananiua kwa sekunde nane, na anachochukua hata hakihitaji, nakikuta sokoni keshoye kwa bei ya kutupa. Kupigana na aliyekuja kupigana naelewa. Kumsubiri mchumaji asiye na silaha ya maana, hilo mnaliitaje?

⸻

Mnyanyembe_Kwihara

Mwangaluka nyote, natokea Tabora. Pingi yetu hapa mjini mimi naona 180 mpaka 210, nyumbani kwa wazee kijijini 260.

Dada wa Mwanga umeuliza swali zito, na swali hilo lina umri mkubwa kuliko Albion. Mwaka 1997 ilitoka Ultima Online, mchezo wa namna hii hii, na watu waliuana njiani mpaka wachumaji wakaanza kukimbia. Mwaka 2000 wenye mchezo wakaigawa dunia mara mbili: Felucca ikabaki ya vita, Trammel ikawa ya amani. Mimi nilikulia RuneScape, tukicheza kwenye kompyuta za kulipia kwa saa. Kule kulikuwa na nyika ya kaskazini ambayo mtu yeyote anakuua. Desemba 2007 wakaondoa kuuana huko kulikokuwa huru, na mwaka 2011, baada ya wachezaji kupiga kura, wakakurudisha. Niliishi vipindi vyote viwili. Nyika ilipokuwa salama nilipita na mali yangu bila kugeuka nyuma, na baada ya mwezi nikaacha kwenda, kwa sababu kila kitu kilichotoka kule kilikuwa hakina bei tena.

Dada yangu, njia yenye faida ndiyo yenye vita. Sisi wa huku tunaijua habari hiyo kwa ukoo. Njia ya pembe kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji ilikuwa na faida kubwa, na Mtemi Mirambo akakaa katikati yake pale Urambo na kutaka hongo kwa kila msafara. Mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Tabora njia ikafungika, hata Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone ikabidi azunguke kusini mbali ndipo afike kwenu Ujiji. Wenye misafara walimwita mnyang'anyi. Kwa watu wake alikuwa mtemi aliyesimamia njia yake. Sisemi aliyekuua ni Mirambo. Nasema msafara wa wakati ule haukusafiri bila walinzi, na haukusafiri njia ileile kila mara.

⸻

SokoMwanga_Dada

Ahsante kwa maelezo kaka wa Tabora, nimeyapokea. Lakini msafara ulikuwa na walinzi kwa sababu ulikuwa na watu mamia. Mimi niko peke yangu na saa mbili.

⸻

Mgebuka_wa_Usiku

Dada, hilo la walinzi tunaweza kulifanya leo leo. Lakini kwanza nikuulize: majoho unayoshona yananunuliwa na nani?

⸻

SokoMwanga_Dada

Na watu waliouawa. Najua unapoelekea mdogo wangu. Ninajua kwamba karibu kila vazi kwenye lile gemu limeshonwa au kutengenezwa na mchezaji, na kwamba wasingekufa wasingerudi dukani kwangu. Wiki ambayo vyama vikubwa vilipigana, majoho yangu thelathini yaliisha siku moja. Bado haimaanishi nifurahie zamu yangu ya kufa. Hata mfanyabiashara wa majeneza hatamani msiba wa nyumbani kwake.

⸻

MwanaKibirizi

Dada, nimesoma maneno yako mara mbili na nataka nikujibu kwa moyo.

Mimi ni mtu niliyenyang'anywa ngozi za siku nne, kwa hiyo uchungu wako ninaujua. Sitaki vita viondolewe, lakini kuna mtu ninayemkataa: anayekaa kwenye geti la njano linalopakana na nyekundu, kazi yake kungoja watu wa wiki ya kwanza ambao hawajui hata rangi za ramani. Kwenye chama chetu hilo tumelikataza. Tulimtoa mtu mmoja kwa sababu hiyo, na alikuwa mpiganaji mzuri kuliko mimi.

Sasa wewe mwenyewe, naona unachuma ukiwa umevaa nguo za kuchumia juu mpaka chini ili upate mazao mengi. Hapo ndipo unapouliwa kwa sekunde nane. Badilisha kimoja tu: nguo ya kifua iwe ile jaketi ya muuaji inayokuficha usionekane kwa muda mfupi. Utapungukiwa mazao kidogo. Na farasi wako asikae mbali na wewe. Mchumaji anayeacha farasi nyuma ya mti na kwenda kuchuma hatua ishirini, huyo ameshakufa, bado hajaambiwa.

Akikutokea mtu, usipigane na usibonyeze vyote kwa hofu. Kimbia kwa miguu kwanza bila kitufe. Mwache atumie viatu vyake kukufikia. Akishavitumia, ndipo utumie vyako. Akija tena kwa pigo la pili, jifiche. Hesabu ni ileile ya mpiganaji, tofauti ni kwamba wewe unaitumia kuondoka. Na hiyo pia ni kushinda, maana aliyekuja kuchukua mali amerudi mikono mitupu na bando lake limekwenda.

⸻

Bwana_Caerleon

Hapo kwenye kukimbia bila kitufe kwanza nakuunga mkono asilimia mia. Ndilo kosa ninaloliona kwa wachumaji wote: wanatumia viatu mtu akiwa bado mbali.

Ila mwambie dada na upande wa pili. Wakija watatu, hesabu hiyo haipo. Watatu wana viatu vitatu.

⸻

MwanaKibirizi

Ni kweli. Wakija watatu ukiwa peke yako umekufa, na hakuna ujanja ninaoujua. Ndiyo maana sipandi maksai tena nikiwa peke yangu, na kila ninachovaa huko ni kitu ambacho kikienda naweza kukinunua tena mara tatu.

⸻

SokoMwanga_Dada

Jaketi ninayo, niliishona mwenyewe nikaiweka dukani. Naitoa.

Nimejaribu jioni hii kabla sijaandika hapa. Nyekundu, kwenye pamba. Alinijia mmoja mwenye kucha za chuma. Nilikimbia kwa miguu tu, roho iko mdomoni, nikamwona anachomoka kwa viatu. Nikachomoka na vyangu. Akanikaribia tena, nikajificha. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, mtoto akauliza mama unahesabu nini. Nilifika getini nimebaki na damu kidogo sana, na pamba yote ninayo.

Pingi ilikuwa 226.

⸻

Mgebuka_wa_Usiku

Dada umetupa raha. Hiyo pamba usiiuze kwanza.

Alhamisi mwezi utakuwa mkubwa, hatuendi majini. Tutakuwa sita, wawili wenye fimbo za kutibu. Kama duka unafunga saa moja, saa moja na nusu tukutane Martlock kwenye benki, tukusindikize mpaka kwenye kitani cha nyeusi na kukurudisha. Kaka wa Tabora naye kama yupo aje na fimbo yake ya barafu.

⸻

Mnyanyembe_Kwihara

Nipo. Nitakuja nimechaji simu mapema maana huku jioni umeme wakati mwingine unakatika. Nikichelewa dakika tano nisubirini.

⸻

SokoMwanga_Dada

Nitafunga saa moja kasoro robo.